Kufuli la Mlango wa Nyuma

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa Oktoba, kabla ya saa tano asubuhi. Saa hiyo nilikuwa nimepiga magoti kwenye bafu la watu, upande wa pili wa mji, nagongagonga kigae kwa mpini wa nyundo ili kikae sawa. Simu yangu ilikuwa kwenye koti, koti kwenye toroli, toroli nje. Iliita mpaka ikachoka.

Tunakaa jengo la ghorofa tano, sisi tuko ya nne. Ngazi ni mbili: za mbele, anazopita kila mtu, na za nyuma, zilizojengwa kwa ajili ya hatari. Chini ya ngazi za mbele kuna chumba cha mita za umeme. Mita hizo tulizilalamikia tangu zilipoanza kunuka plastiki iliyoungua. Wakubwa wa jengo walikuja, wakanusa, wakasema kuna mtu anaunguza mboga. Jumatano hiyo chumba kikawaka, na moshi ukapanda ngazi za mbele kama umeitwa.

Mke wangu alikuwa nyumbani na mama yake mzazi, ambaye magoti yake hayakunjiki vizuri. Akamshika mkono wakaenda kwenye mlango wa nyuma, ule wa chuma mwisho wa korido. Kufuli. Majirani nao wakaja, wakarundikana pale, wakaupiga mateke, na mmoja akapaza sauti: "Ufunguo uko kwa nani?" Wakawa wanaulizana hivyohivyo, huyu akimuuliza yule, kana kwamba kuna mtu angejipapasa mfukoni akautoa. Mke wangu akalowesha shuka, akamfunika mama yake uso, akamkalisha kando ya dirisha la korido lililo wazi. Akasema anashuka kwa mbele kumtafuta mlinzi mwenye ufunguo.

Hakufika chini.

Waliobaki dirishani walipona wote. Moto wenyewe ulizimwa upesi. Wakubwa walipokuja kunipa pole walisimama mlangoni na viatu vyao vinavyong'aa, na yule msimamizi wa jengo akaniambia: "Mzee, tumshukuru Mungu, ulikuwa moto mdogo." Neno hilo nimelitafuna mpaka leo, halimezeki.

Kufuli halikuondolewa. Wiki moja baada ya mazishi nikaazima mkasi wa kukatia nondo kule kazini, nikalikata. Mkasi ule una kelele. Kabla sijauvuta hata mlango wenyewe, msimamizi alikuwa nyuma yangu, na kabla ya adhuhuri pale mlangoni paliwekwa kufuli jingine, nene kama ngumi, shingo yake imefichwa katikati ya mabega mawili ya chuma, mkasi hauna pa kuuma. Nikapewa na onyo: nikiligusa tena, nihame. Sababu? Wezi. Sijawahi kuona mwizi akapanda ghorofa nne kuja kuiba kigoda cha kizee.

Nikaenda kuomba ufunguo kwa adabu. Msimamizi akasema uko kwa mlinzi. Mlinzi, ambaye sisi tunamwita Sajini kwa sababu hata paka akipita anampigia saluti, akasema uko ofisini. Ofisini kulikuwa na binti mpole sana, akanikaribisha kiti, akaniambia funguo zote za jengo anazo msimamizi. Walinizungusha hivyo mpaka soli ikaisha upande mmoja. Mimi darasani nilitoka mapema, lakini najua mtu anapokurusha kama mpira.

Tatizo halikuwa mimi. Mimi asubuhi natoka, naenda zangu kwenye vigae. Anayebaki juu ni mama mkwe. Tangu siku ile hakai ndani. Anatoa kigoda chake, anakiweka mwisho wa korido chini ya lile dirisha, mgongo umeegemea mlango wa chuma, anakaa hapo mpaka nirudi. Jirani akikaanga kitunguu, anasimama. Umeme ukicheza kidogo, anasimama. Nilimwambia tuhame. Akanitazama.

"Tuhamie wapi, mkwe wangu? Kuna jengo ambalo halina wakubwa?"



Kazini nikaanza kuharibu. Nikilaza kigae nasikia simu inaita, kumbe haiiti. Nikisikia king'ora mbali huko, naacha mwiko kwenye saruji nakimbilia barabarani. Mwenye nyumba mmoja alinikuta nimesimama langoni kwake na mikono imejaa saruji, nanusa hewa kama mbwa. Hakuniita tena.

Hapo ndipo wazo likaja. Kukata haifai, wanaweka jingine. Lakini kufuli likifunguliwa polepole bila kuumizwa, halafu likaning'inizwa palepale shingo yake imeingizwa bila kubanwa, ukilitazama limefungwa, ukilivuta linatoka. Sajini kazi yake ni kupita asubuhi na alasiri na kutupa jicho. Angelitupia jicho, angepiga saluti, angeshuka. Na mama mkwe angekuwa amekaa mbele ya mlango ulio wazi. Nilichohitaji ni vile vyuma vya mafundi, vya kufungulia kufuli pasipo ufunguo.

Mjini kuna duka jembamba kama ujia, makufuli yamening'inia kuanzia mlangoni hadi gizani. Mwenyewe ni mama wa makamo mwenye miwani kwenye kamba, wateja wanamwita Mama Komeo. Nilizunguka nje mara kadhaa kabla sijaingia.

"Kaka, ingia au pita," akasema bila kuinua kichwa. "Unanizibia mwanga."

Nikaingia. Nikamweleza ninachotaka kwa sauti ya chini, kama naagiza bangi.

"Unataka kufungua kufuli la nani?"

"Langu."

"Kabati? Sanduku?"

"Mlango. Wa jengo ninalokaa."

Akavaa miwani. "Ufunguo umepotea?"

"Wanasema upo."

Akanikagua, kuanzia kofia hadi magoti yaliyochakaa kwa vigae. Nikaona nijitetee. "Mimi si mwizi, mama."

"Najua. Mwizi haji kuuliza, ananunua nyundo." Akainama chini ya meza, akaibuka na seti mbili, akanitandikia.

Ya kwanza ilikuwa pochi nyeusi yenye zipu. Ukiifungua, vyuma zaidi ya ishirini vimejipanga vinameremeta, vyenye ndoano, vyenye mawimbi, vyenye vichwa vya almasi, na pembeni kufuli la plastiki lililo wazi, unaona pini zake zikipanda na kushuka ndani. Ya pili ilikuwa kipochi cha kitambaa, vyuma vitano vya kijivu na vipande viwili bapa vilivyopindwa ncha. Basi. Huoni hata mng'aro.

"Chukua hii ndogo," akasema. "Mwanzoni utatumia ndoano hii fupi, na hiki bapa. Bapa ndicho kikazio. Unakiweka mdomoni mwa kufuli, unakazia kidogo sana, kama unageuza ufunguo, halafu kwa ndoano unainua pini mojamoja. Kosa la wanaoanza wote ni kukazia kama wanakamua jinzi."

"Na hivi vingine ishirini?"

"Mapambo. Kama vile vikombe vya kabatini vya kumwonyesha mgeni."

"Sasa mbona wanavitengeneza?"

"Kwa ajili ya watu wanaouliza hivyo." Akachomoa kimoja kwenye pochi, akakipinda kwa kidole, kikabaki kimepinda. "Ona. Hiki kinapinda. Mwenzake hapo atakatika. Inategemea kaamkaje. Hii ya kitambaa chuma chake kimepikwa vizuri, kinapinda kidogo kinarudi, na ncha ni nyembamba, tundu dogo inapita. Hilo kufuli la plastiki lenyewe zuri, nitakuuzia peke yake. Jifunzie hilo. Jifunzie hata bovu la nyumbani. Lakini kufuli linalotumika usiliguse mpaka mkono ukomae. Umenisikia, kaka? Kufuli ambalo watu wanalitegemea halifanywi daftari."

Nilimsikia. Bei zilikaribiana, na hapo ndipo roho yangu mbaya ikaamka. Maisha yangu yote mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ameniambia kidogo kinanitosha. Ngazi moja inawatosha. Maji ya asubuhi yanawatosha. Fidia hii inakutosha, mzee, weka kidole gumba hapa. Na huyu naye, vyuma vitano vinanitosha?

"Nipe kubwa," nikasema.

Mama Komeo akavua miwani. "Haya. Yako hiyo."

Nikarudi nyumbani nimeificha ndani ya shati kama kifaranga. Mama mkwe akaniona tu.

"Umeficha nini, tumbo limeota pembe?"

Nikamweleza. Nilitegemea anikemee. Akavuta kigoda chake akakaa mbele yangu, nami nikaanza kulichokonoa lile kufuli la plastiki. Shida ikajitokeza palepale: vidole vyangu. Miaka ya saruji imevila ngozi, ncha zake ni ngumu kama kisigino. Kwa macho naona pini inapanda, kwa kidole sisikii kitu. Nikikazia kidogo kikazio kinadondoka, nikikazia sana pini zinagoma.

"Mkwe wangu, unalikuna au unalifungua?"

"Mama, niache nifanye."

"Nimekuacha. Nasema tu, lingekuwa na mdomo lingecheka."

Siku zikapita hivyo, kila jioni baada ya kula. Likafunguka mara moja, sijui kwa nini. Likafunguka tena. Nikaona nimekuwa fundi. Mama mkwe akaniomba ajaribu, nikampa kumridhisha. Akafumba macho. Huyu amechambua mchele maisha yake yote, hapitwi na jiwe. Akabana mdomo, na kufuli likaruka mkononi mwake. Akashtuka, akacheka, sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Jumatano ile. Badala ya kufurahi, mimi nikaona aibu ya kijinga, na kesho yake niliporudi kutoka kazini mapema, yeye akiwa ndani anaoga, nikaichukua pochi na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chuma.

Nilijua ninachokatazwa. Niseme tu nilikuwa nimechoka kumwona pale.

Tundu lile lilikuwa jembamba. Nikachagua chuma kirefu kuliko vyote. Kikaingia kwa shida. Nikakazia. Nikasikia kama kitu kimesogea, nikakazia zaidi, nikasukuma, na mkononi nikasikia tik, laini, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Nikachomoa. Ncha haikuwepo. Ilibaki ndani.

Nikachungulia tunduni, nikaiona inang'aa kule ndani, imelala ubavu. Nikapuliza. Nikaligonga. Nikaingiza kingine, kikaisukuma mbele zaidi. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Mpaka jana, mlango ule ulikuwa na ufunguo mahali fulani. Siku moshi ukipanda tena, huenda mtu angekuja anakimbia, ufunguo mkononi, na usiingie. Na watu wamerundikana. Na mama mkwe mbele yao. Na hapo hakuna mkubwa wa kumlaumu, ni mimi.

Nyuma yangu viatu vikalia kwenye ngazi. Sajini. Nikabana vyuma kwapani, nikajifanya naangalia dirishani. Akaja, akalitupia kufuli jicho, siku hiyo akalivuta pia.

"Imara!" akasema, saluti. Akageuka.

Ningemwacha aende. Mdomo ukakataa. "Sajini, leta ufunguo."

"Ufunguo gani, mzee?"

"Wa hili. Kuna kitu kimekwama ndani. Nimekikwamisha mimi. Nenda kanishtaki ukitaka, lakini kwanza lete ufunguo tujaribu kama unaingia. Kuna bibi anakaa hapa kutwa nzima!"

Nilikuwa nimempandishia sauti. Akatazama huku na huku, akanisogelea, na ule usajini wote ukamtoka usoni. "Mzee wangu, nikwambie ukweli? Tangu waliweke sijauona. Mimi nimeambiwa nihakikishe limefungwa. Nahakikisha limefungwa."

"Kwa hiyo siku ya hatari?"

"Siku ya hatari napiga simu."

"Kwa nani?"

Akakuna kichwa chini ya kofia. "Kwa msimamizi. Akipokea."

Hakunishtaki. Lakini usingizi ulihama. Kila harufu sasa ilikuwa moshi. Nilimwomba mama mkwe ashuke akae uani mchana, nikambeba mgongoni hadi chini, na jioni nikambeba kumpandisha, naye njiani ananiambia punda wa siku hizi hawana adabu, wanahema sana. Hakuuliza kilichotokea. Aliona pochi haifunguliwi tena.

Nikarudi kwa Mama Komeo. Nilidhani atanicheka. Akakilaza kile chuma kilichokatika juu ya kiganja, akatikisa kichwa.

"Kimekatikia kwenye la kujifunzia, au la mlangoni?"

"La mlangoni."

"Mlango gani, kaka? Safari hii niambie vizuri."

Nikamwambia vizuri. Jengo, mita, mke wangu, mama mkwe na vidole vyake vya kuchambua mchele, lilivyo kufuli lenyewe, mabega yake. Nilipofika kwenye mabega akaacha kufutafuta meza.

"Nililiuza mimi," akasema. "Alikuja mtu na barua ya ofisi, anataka gumu kuliko yote, na anataka leo. Nikampa, na funguo zake tatu kwenye kamba, nikamwekea kiganjani hivi. Nikamwambia, mmoja ukae karibu na mlango."

"Mtu gani?"

"Simjui kwa sura. Mwanaume, shati la mikono mirefu. Wote wanavaa hivyo."

Akanisukumia kile kipochi cha kitambaa. Akaniongezea vibapa viwili vya msumeno mwembamba, akanionyesha: kimoja huku, kingine kule, meno yaumane na kile kipande, halafu unavuta kwa pamoja, polepole, kama unamtoa mtu mwiba. "Na ukifika kwenye kufungua," akasema, "usifungue wewe. Mpe huyo mama mchambua mchele."

Jumapili mchana nikakaa mbele ya mlango. Safari hii sikujificha. Majirani wakatoka mmojammoja. Jirani wa kitunguu akanishikia tochi. Ncha ilisogea, ikateleza, ikarudi ndani, nikatukana, mama mkwe akaniambia nina mdomo mchafu mbele ya watoto wa korido. Ikaja. Ilidondoka sakafuni bila hata sauti, kipande kisichozidi punje ya mchele.

"Ondoka hapo," mama mkwe akasema.

Akasogeza kigoda. Safari hii aliugeuzia mlango uso. Akaweka kikazio kwa kidole kimoja, akaingiza ndoano fupi, akafumba macho. Mikono yake haikuonekana hata kusogea. Nilikuwa nasikiliza nyuma yangu, ngazi za mbele, kama kuna viatu, kama kuna harufu. Mara akashusha pumzi akaanza upya. Kidole chake kikateleza. Akaanza tena. Nikataka kumwambia aache, na hapo kufuli likainamisha kichwa, zito, kama mtu aliyekubali.

Nikauvuta mlango, ukapiga kelele ya kutu, hewa ya baridi ikatupiga usoni. Ngazi zilikuwa safi, zina vumbi tu, hazijawahi kukanyagwa.

Nilitaka kulirudisha kufuli lining'inie kama nilivyopanga. Mama mkwe akakataa. Anataka kushuka. Mwenyewe, bila kubebwa.

"Mwanangu alitaka nipite hapa," akasema. "Basi nipite."

Akashuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mimi mbele yake nikiwa nimenyoosha mikono kama golikipa, majirani nyuma. Ghorofa ya tatu. Ya pili. Nilishaanza kuona mwanga wa uani, na nikaanza kulia mwenyewe kimyakimya kwa jinsi ilivyokuwa karibu. Ingemchukua mke wangu muda mfupi tu. Angekuwa nje.

Mwanga ulikuwa unapita katikati ya nondo. Mwisho wa ngazi kulikuwa na mlango wa geti, mnyororo umezungushwa, na kufuli limening'inia upande wa nje. La zamani sana. Limeliwa na kutu hadi limekuwa jekundu. Kwa nje, ofisi ilikuwa imeegemeza mabati yake mbele ya geti, ndiyo maana hatukuwahi kuliona.

Nikasimama. Kwa hiyo siku ile, hata kama lile la juu lingefunguka, wangetoka kwenye moshi wote, wakashuka wamebebana, wakaja kusimama hapa.

Mama mkwe alinipita. Akapenyeza mkono katikati ya nondo, akalipapasa lile kufuli kwa zile ncha za vidole, akatafuta tundu, akalikosa. Kutu ilikuwa imeliziba.

Kati ya mabati mawili tukamwona Sajini uani, ameshika ndoo, anaosha gari la msimamizi. Alituona nyuma ya geti, watu wazima na watoto tumejaa kwenye ngazi. Safari hii hakupiga saluti. Dirisha la ofisi lilifunguka juu yake, na mtu mwenye shati la mikono mirefu akatoa kichwa kuona kuna nini.

Mama mkwe hakupaza sauti. Mkono wake ulikuwa bado uko nje, umelikamata kufuli.

"Na la huku, baba," akauliza, "ufunguo uko kwa nani?"